“Si yatang'oka tu, ya nini kuyaziba?”

Dokta, shikamoo.

Naishi Kihonda, Morogoro, na nina watoto wawili. Wa kike ametimiza miaka sita mwezi uliopita, na mdogo wake wa kiume ana miezi mitano. Naomba unisaidie, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mimi nimechoka kuwa katikati.

Huyu mkubwa meno yalianza kumharibika siku nyingi. Yale manne ya mbele juu yalianza na mistari myeupe karibu na ufizi, yakawa ya kahawia, sasa yamebaki visiki. Shuleni wanamwita Kibogoyo, na siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Lakini kinachotunyima usingizi ni magego ya chini. La kulia lina tundu kubwa, nyama na mahindi vinanasa humo, na akinywa kitu cha baridi anaruka. La kushoto liliuma sana, tukawa tunaamka naye usiku, halafu likanyamaza lenyewe. Sasa kwenye ufizi chini yake kuna kijipu kama chunusi. Kinavimba, kinapasuka, kinatoa usaha, kinakauka, kinarudi.

Kituo cha kwanza walitupa antibayotiki ya maji. Kijipu kikapotea, kikarudi, tukapewa ile ile tena. Pengine wakasema mabovu yote yang'olewe siku moja. Pengine wakasema gego moja livishwe kofia ya chuma na jingine lisafishwe mizizi, na bei waliyonitajia, dokta, niliaga nikaondoka. Baba yake anasema tunajisumbua bure: “Hayo ni meno ya utoto, si yatang'oka tu, ya nini kuyaziba?” Na ukimsikiliza, ana hoja.

Mama mkwe wangu ametoka Arumeru kuja kunisaidia na mchanga. Yeye amekataza dawa ya meno kabisa. Anasema floraidi ndiyo imewafanya watoto wa kwao wawe na meno ya kahawia, kwa hiyo mtoto anapiga mswaki kwa maji ya chumvi. Pia nikuambie kwamba alipokuwa mdogo alikuwa analala na chupa ya maziwa yenye sukari, na mpaka leo halali bila kikombe cha chai ya maziwa.

Sasa mdogo. Anaharisha tangu juzi, udenda unamtoka, anatafuna kila anachoshika, na mwili una joto kidogo. Mama mkwe amemfunua mdomo akasema ni meno ya nailoni, eti ndiyo yanayomharishisha, na kweli nikitazama naona uvimbe mweupe pale panapoota jino la chonge. Kuna mzee anayajua kuyatoa, ameitwa Jumamosi. Naogopa, lakini jirani yangu alimtoa wa kwake na akapona.

La mwisho. Juzi nikimswakisha mkubwa nimeona nyuma kabisa ya magego pameota jino jipya kubwa, na hapo hakuna jino lililong'oka. Ni jino la ziada?

Mama Wawili, Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na mchanga, kwa sababu yeye ndiye mwenye Jumamosi.

Huyo mzee asije. Uvimbe mweupe ulioona ni jino la chonge la utoto likiwa bado ndani ya ufizi. Kwa kawaida hutokeza mtoto akiwa na miezi 16 hadi 20, na kabla ya hapo halijakomaa, ni laini na jeupe. Ndiyo maana mtu akilichokoa huwaonyesha wote waliopo kitu kisichofanana na jino wanalolijua, na wote huamini ametoa ugonjwa. Ametoa jino la mtoto. Mara nyingi na mbegu ya jino la ukubwani iliyo jirani nalo huharibika, na matokeo yake tunayaona kliniki miaka kadhaa baadaye: chonge lililopinda, lenye mabaka, au ambalo halikuota kabisa. Na hayo ni kwa mtoto aliyebahatika. Wengine huchokolewa kwa wembe, sindano ya kushonea au spoku ya baiskeli, wakavuja damu nyingi, au wakapata pepopunda au maambukizi ya damu. Imani hii si ya kwetu peke yetu, Uganda nao wanahangaika nayo, na kote huko hatari nyingine kubwa ni ule muda familia inapomngoja mtaalamu wa nailoni huku mtoto anaishiwa maji mwilini.

Mtoto wa jirani alipona, ndiyo. Watoto wengi wanaoharisha hupona ndani ya siku chache wakiendelea kunyonya. Aliyechokolewa Jumamosi akapona Jumatatu, angepona Jumatatu hiyo hiyo akiwa na meno yake.

Na kuota meno hakuleti kuharisha. Kunaleta udenda, kutafuna vitu na kununa kidogo. Kinacholeta kuharisha katika umri huu ni kwamba mtoto ameanza kutia mkono na kila kitu mdomoni, na pengine ameonjeshwa uji au maji. Mpeleke kliniki leo, usingoje. Watampima, watakupa ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, na zinki kwa umri wake, na zinki hiyo mpe siku zote watakazokuandikia, kwa kawaida 10 hadi 14, hata kama choo kimeshakaa sawa. Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi kuliko kawaida. Ukiona macho yamezama, amelegea, hanyonyi, anatapika kila kitu au kuna damu chooni, hapo si suala la kliniki ya asubuhi, ni kukimbia hospitali muda huo huo.

Sasa dada yake.

Mumeo nimpe haki yake kwanza: amepatia nusu. Meno ya mbele ya utoto hung'oka kati ya miaka 6 na 8, na binti yako ameshafika huko. Vile visiki vinne, kama haviumi na ufizi juu yake hauna usaha, havina haja ya kukugharimu. Visafishwe tu kwa mswaki kama meno mengine, na vitaanguka vyenyewe. Kuhusu hilo jina la Kibogoyo, zungumza na mwalimu wake wa darasa, tena mapema. Nusu ya hao wanaomcheka watakuwa na mapengo kabla mwaka haujaisha.

Nusu nyingine baba amekosea, na ndiyo iliyobeba mambo yote. Magego ya utoto hayang'oki pamoja na ya mbele. Yanakaa mpaka mtoto ana miaka 9 hadi 12. Maana yake lile gego lenye tundu lina kazi ya miaka mitatu au zaidi mbele yake: kutafuna, na kulinda nafasi ya jino la ukubwani litakalokuja hapo. Huwezi kumwambia mtoto wa darasa la kwanza avumilie jino bovu hadi darasa la tano.

Hapa ndipo lile jino jipya linapoingia. Si la ziada. Ni gego la kwanza la ukubwani, huota karibu na miaka sita, moja kila kona ya mdomo, nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, wazazi wengi hudhani ni la utoto, wanaliacha lioze, na mtoto anafika miaka kumi akiwa amepoteza jino alilopaswa kuzikwa nalo. Mimi kama ningeruhusiwa kumwambia kila mzazi wa Tanzania jambo moja tu kuhusu meno, ningemwambia hili. Jino hilo linaegemea gego la utoto lililo mbele yake. Ukiling'oa hilo la utoto ukaacha pengo tu, jipya linasogea mbele polepole, linaziba nafasi, na jino la ukubwani lililopaswa kuota hapo likija linakuta nyumba ina mpangaji mwingine. Linaota pembeni au linabaki ndani. Ndiyo mnasema “meno yamepandana” na kudhani ni urithi.

Kwa hiyo swali la “tung'oe au tuzibe” halina jibu moja kwa mdomo mzima. Linajibiwa jino kwa jino, na waliokuambia yang'olewe yote siku moja walipaswa kukueleza hivyo. Wapo watoto wadogo sana ambao meno karibu yote yameoza, na hao hulazwa usingizi katika hospitali kubwa wakatibiwa mara moja. Binti yako hayuko kundi hilo.

Gego la kulia. Unasema linamshtua akinywa cha baridi, lakini hujasema linamwamsha usiku. Tofauti hiyo ni kubwa. Jino linalouma pale tu linapoguswa na baridi au chakula, kisha likatulia, mara nyingi neva yake bado hai na inaweza kuokolewa. Linaloanza kuuma lenyewe usiku, neva imeshavamiwa. Kama hali ni kama ulivyoieleza, kuna njia ya kulisaidia bila mateso, na nyingine haihitaji hata sindano.

Ya kwanza ni kulikwangua kwa vifaa vya mkono, kutoa sehemu laini iliyooza, na kuziba kwa sementi ya glasi ayonoma, ambayo hushikana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Njia hii ya kutengeneza jino bila kuliumiza inaitwa kwa kifupi ART (si ile ya dawa za VVU), na napenda kuwakumbusha watu kwamba ilianzia hapa hapa kwetu. Katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa huduma ya meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliitumia vijijini ambako hakukuwa na umeme wa kuendeshea mashine. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaihimiza kwa nchi nyingine. Kwa hiyo ukiona tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya anakwangua kwa mkono bila mashine inayovuma, usidhani umepewa huduma ya kimaskini.

Ya pili ni ile kofia ya chuma. Tundu likiwa kubwa na limekula ubavu wa jino, sementi peke yake huchomoka mapema, na kofia hudumu zaidi. Ipo namna ya kuivalisha iliyotokana na daktari wa meno wa Scotland, Norna Hall: hakuna ganzi, hakuna kuchonga, uozo unafungiwa ndani chini ya kofia, vijidudu vinakosa sukari na vinatulia. Mtoto huhisi ufizi umebanwa siku hiyo, na akiuma meno huona kofia imezidi kimo. Hilo hujirekebisha baada ya wiki chache. Kofia itang'oka na jino lake wakati ukifika. Kama mfuko unaruhusu, kwa tundu kubwa mimi ningechagua hiyo. Kama hauruhusu, sementi, na ukubali kwamba huenda ikarudiwa.

Ya tatu ni dawa ya maji ya fedha na floraidi inayopakwa kwa kijibrashi. Inasimamisha uozo mara nyingi, ila inapaacha pale palipooza peusi kabisa, na haizibi tundu, kwa hiyo nyama itaendelea kunasa. Kwa gego la nyuma weusi haumsumbui mtu. Haipatikani kila kituo, lakini uliza: tangu 2021 dawa hiyo, sementi niliyoitaja na dawa ya meno yenye floraidi zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na wakifungua wakakuta uozo umefika sehemu ya juu ya neva tu, huondolewa hiyo sehemu, ya chini ikaachwa hai, kisha kofia ikavalishwa juu.

Gego la kushoto ni habari nyingine. Halikunyamaza kwa sababu limepona. Limenyamaza kwa sababu neva imekufa. Kile kijipu ni mlango wa usaha unaotoka kwenye mizizi. Antibayotiki husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayoingia, kwa hiyo dawa hutuliza ufizi wa nje huku chanzo kikibaki pale pale. Ndiyo maana kilirudi, na kitarudi hata ukipewa chupa nyingine. Antibayotiki zina kazi pale uvimbe unaposambaa au mtoto ana homa, na hata hapo ni pamoja na kulitibu jino, si badala yake.

Daktari akupigie picha ya eksirei. Mizizi ikiwa mizima na mfupa haujaliwa sana, inaweza kusafishwa na kujazwa dawa, jino likavishwa kofia. Ikiwa imeliwa, ling'olewe kwa ganzi, na usitoke hapo bila kuuliza kuhusu kishikilia nafasi, kile kipete chenye waya kinachozuia gego jipya lisisogee. Kwa jino linalotoa usaha kwa kurudiarudia namna hiyo, mimi naegemea kung'oa, isipokuwa picha ikinishawishi vinginevyo. Jino la ukubwani linajengwa chini kabisa ya mizizi hiyo, na usaha ukikaa karibu nalo muda mrefu linaweza kutoka na baka au gamba bovu.

Suala la pesa silipuuzi. Anzia kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na omba uandikiwe mpango: jino gani, tiba gani, lipi haliwezi kungoja. Lisiloweza kungoja ni la kushoto. La kulia lifuate karibu, kabla nalo halijahamia kundi la usiku. Uliza pia kuhusu lile gego jipya, kama mifereji yake ya juu inaweza kupakwa utando wa kuziba vijishimo ambamo mswaki haufiki, au angalau varnishi ya floraidi mara mbili kwa mwaka. Vitu hivi ni rahisi kuliko tiba yoyote niliyoitaja juu.

Wakati mnangoja miadi, maumivu yakija mpe parasetamoli kwa uzito wake kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Aspirini asipewe mtoto. Na usikubali mtu amtie jinoni ugoro au maji ya betri, maana nimeona ufizi ulioungua kwa vitu hivyo na mtoto akawa na maumivu mawili badala ya moja. Shavu likivimba, uvimbe ukipanda kuelekea jicho au ukashuka chini ya taya, akawa na homa, akashindwa kufungua mdomo au kumeza, nenda hospitali usiku huo huo. Usaha wa jino la utoto unaweza kuua.

Kuhusu siku yenyewe ya daktari, naomba nyumbani mtu yeyote asimwambie “ukisumbua daktari atakuchoma sindano.” Mtoto aliyetishiwa hivyo miaka sita akija kwangu nina kazi ya kuufungua mdomo kabla ya kulitibu jino. Usimwahidi pia kwamba hatahisi chochote. Mwambie daktari atahesabu meno, atayaosha, na jino litalazwa usingizi ili litibiwe. Mpeleke asubuhi akiwa amekula. Akipigwa ganzi, mkae macho saa mbili au tatu zinazofuata: mdomo unakuwa mzito, mtoto anaona ajabu, anaanza kuutafuna, na jioni unakuta mdomo umevimba na una kidonda unachodhani ni kosa la daktari. Asile mpaka ganzi iishe.

Dawa ya meno sasa. Mama mkwe hajazua, meno ya kahawia ya Arumeru yapo na nimeyatibu. Lakini yametokana na maji. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa na miteremko ya Mlima Meru zina maji yenye floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama kikomo, na magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongeza. Mtoto anayekunywa maji hayo tangu kuzaliwa mpaka kama miaka minane, meno yake ya ukubwani hujengeka yakiwa na madoa. Floraidi kidogo inayogusa jino kwa nje na kutemwa ni kitu kingine kabisa, na ndiyo silaha kubwa tuliyonayo dhidi ya kuoza. Maji ya chumvi husuuza kidonda cha ufizi vizuri. Kuzuia jino kuoza hayawezi.

Nunua dawa ya meno ambayo boksi lake limeandikwa floraidi ppm 1000 hadi 1500. Haihitaji kuwa ya bei wala yenye picha ya katuni. Kwa binti yako weka kiasi cha punje ya njegere. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele tu. Ateme povu, asisukutue kwa maji, ili dawa ibaki juu ya meno. Na asipige peke yake: mkono wa mtoto wa miaka sita haufiki nyuma. Simama nyuma yake, kichwa chake kikuegemee tumboni, inua mdomo wa juu kwa kidole, anza na magego. Lile jipya bado liko chini kuliko wenzake, kwa hiyo mswaki ukipitishwa moja kwa moja unaliruka. Uingize kwa kukingama kutoka shavuni. Mfanyie hivyo mpaka afike miaka saba au minane. Mswaki wa mti nao ni mzuri ukitafunwa vizuri, ila kwa jino hilo la nyuma wa dukani unafika kirahisi.

Mara mbili kwa siku, na wa usiku ndio wenye uzito, kwa sababu akilala mate hupungua na meno hukosa mlinzi. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu. Ile chai ya maziwa isogezwe iwe sehemu ya chakula cha jioni. Atalia siku mbili tatu, vumilieni. Chupa ya maziwa ya sukari ya wakati ule ndiyo iliyoyaanza meno ya mbele, huo ndio muundo wake hasa: ya juu mbele huoza kwanza, ya chini mbele hukingwa na ulimi. Nakwambia ili usiirudie kwa mdogo.

Kwa mchana, usihangaike kupiga marufuku kila kitamu. Kinachoozesha meno ni idadi ya mara kuliko wingi. Mtoto anayekula pipi nne mara moja baada ya wali anaumia kidogo kuliko anayelamba moja asubuhi, moja mapumziko, ubuyu wa rangi njiani na juisi ya boksi akirudi, maana kila mara asidi huanza upya. Angalia ile hela ya shule inaishia wapi. Badala yake mfungie karanga, muhogo wa kuchemsha, kipande cha embe au yai, na chupa ya maji. Uji wa lishe wa nyumbani punguza sukari taratibu, hatagundua.

Mama mkwe usimjibu kwa barua yangu. Yeye amekuja kukusaidia, na alilolijua ndilo analolifanya. Mwache baba wa watoto aongee naye kuhusu Jumamosi, tena leo, na mzee apigiwe simu asisumbuke safari. Kisha mwombe mama akusindikize kliniki na mchanga. Akisikia kwa nesi na kuona mtoto anapata nafuu kwa ORS, utakuwa umepata mwenzako humo ndani. Kuhusu dawa ya meno, muulize kwao wanakunywa maji ya wapi, na walio na meno meupe wanachota wapi. Wenyeji wa Arumeru mara nyingi wanajua kisima kipi kina shida kabla ya mpimaji yeyote.

Na mdogo naye, jino lake la kwanza likitokeza, hata kama ni mwezi ujao, anza mswaki siku hiyo kwa ile punje ya mchele. Kabla hajatimiza mwaka mpeleke aonekane na daktari wa meno, angalau siku ile ile dada yake anaporudi kukaguliwa, mlipe nauli moja.